TUTENGENEZE NYUMBA ZETU WENYEWE, AU TUMWITE FUNDI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa reli, Eldoret. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme machache juu ya jambo ambalo si la mshahara wala si la saa za kazi, lakini linakula mshahara wetu kila mwaka kama vile mchwa wanavyokula mbao. Jambo hilo ni matengenezo ya nyumba. Mvua inapokaribia mwezi wa Machi, kila mmoja wetu hutazama dari yake akaliona lile doa la maji la mwaka jana. Ndipo hujiuliza: Je, tupande wenyewe, au tumwite fundi?

Wazee wetu wa reli hawakusumbuliwa sana na swali hili. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na wafanyi kazi wengi walikaa katika nyumba za reli. Bati likitoboka au mlango ukianguka, ilikuwa kazi ya mwajiri na mafundi wake. Lakini tusidanganyane kwamba mambo yalikuwa mazuri. Vyumba vilikuwa vidogo, na mtu akiacha kazi aliacha na nyumba. Shida ya nyumba na mshahara duni ni katika mambo yaliyowafanya wafanyi kazi wa bandari na wa reli kugoma pamoja huko Mombasa, Januari 1947.

Leo wengi wetu tumepanga au tumejenga Langas, Huruma, Munyaka, Kipkaren na Maili Nne. Mji wetu umekuwa jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, na viwanja vimepanda bei. Twajivuna kwamba tuna milango yetu na funguo zetu. Ni haki yetu kujivuna. Lakini mtu akiwa na nyumba yake, yeye ndiye mwajiri, yeye ndiye nyapara, na yeye ndiye idara ya matengenezo. Hakuna wa kumpelekea malalamiko ila kioo.

Katika mazungumzo yetu ya wakati wa chai tumeona pande mbili. Upande mmoja wasema: "Sisi ni watu wa kazi za mikono. Kwa nini tumpe mtu mwingine fedha kwa kupiga misumari?" Upande wa pili wasema: "Kila kazi na fundi wake. Mwiteni, mlipeni, mkalale." Sisi tumekwisha kuwa katika pande zote mbili, na pande zote mbili tumepigwa. Basi twataka kuwaelezeni mambo mawili yaliyotupata, na mafundisho tuliyoyapata.

LA KWANZA: PAA LA LANGAS

Ndugu mmoja wetu alikuwa na nyumba Langas ambayo mabati yake yalikuwa yameliwa na kutu. Fundi alitaka shilingi 12,000 za kazi, mbali na vifaa. Tukasema hizo ni fedha nyingi. Tukakusanyana watu wanne wa gengi moja, siku ya Jumapili, na nyundo zetu. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni akatutazama, akauliza: "Na ninyi, nani amewafundisha mabati?" Tukacheka. Tukamwambia kwamba watu wanaobeba reli hawawezi kushindwa na bati.

Hatukujua mengi. Misumari tuliipiga katika mabonde ya bati, kwa sababu hapo msumari unashika upesi, nasi hatukufikiri kwamba bondeni ndipo maji yanapopita. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo, pamoja na kofia yake ya kuzuia maji. Tena tulipolaza bati juu ya bati, tulilaza mgongo mmoja tu ili tupunguze idadi ya mabati. Tena tulianzia upande unaotoka upepo, na ilitupasa kuanzia upande wa pili, ili midomo ya mabati isielekee mvua. Mambo haya matatu kila kijana aliyemfuata fundi wa mabati mwezi mmoja anayajua.

Jumapili ya pili tulianza mapema mno. Bati lilikuwa na umande bado. Ndugu mmoja akateleza, akaanguka chini, akavunjika mkono karibu na kiganja. Alikaa wiki sita bila kushika chombo. Nanyi mwajua, ndugu, sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamlinda mfanyi kazi anayeumia akiwa kazini kwa mwajiri wake. Aliyeanguka kutoka paa la rafiki yake siku ya Jumapili, fidia yake ni pole na ndizi tulizompelekea hospitali.

Kisha mvua ikaja. Haikuja kama mvua ya kuingia katika nyumba. Ilikuja kana kwamba ilikuwa imealikwa. Dari ililowa, bodi sita zikaanguka. Ndipo tukamwita fundi yule yule. Alipanda, akatazama, akashuka bila kucheka, na hilo lilituuma kuliko kama angalicheka. Hesabu yetu ikawa hivi: mabati 5 yaliyotobolewa vibaya, shilingi 5,000, bodi 6 za dari, shilingi 4,200, mbao na misumari, shilingi 1,800, na fundi, kwa kubomoa kazi yetu na kuifanya upya, shilingi 15,000. Jumla shilingi 26,000, badala ya zile 12,000 tulizozikataa. Mkono wa ndugu yetu hatukuuandika katika hesabu, maana hatukujua bei yake.

Sasa tufikiri kidogo. Sisi wa njia ya reli twajua kwamba reli zetu hizi zimeachana mita moja, na zikipanuka kidogo tu gari laweza kuanguka. Twajua namna ya kushindilia kokoto chini ya mataruma hata taruma lisicheze. Mtu wa ofisini akisema kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye nguvu, twakasirika, na chama chetu kinaandika barua. Basi imekuwaje sisi wenyewe tuseme maneno yale yale juu ya fundi wa mabati? Tulipokataa zile 12,000 tulidhani tunakataa bei. Kumbe tulikataa kukubali kwamba yeye anajua kitu ambacho sisi hatukijui.

KAZI ZILIZO ZETU

Lakini msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba mtu akae akitazama nyumba yake ikianguka mpaka apate fedha za fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa nyingi ni za kuziba sisi wenyewe. Hizi ndizo kazi ambazo twaona mfanyi kazi aweza kuzifanya na watu wa nyumbani mwake:

Kwanza, maji. Adui wa nyumba hapa kwetu ni maji. Kabla ya mvua, safisheni mifereji ya paa, ondoeni majani na matope. Chimbeni mtaro kuzunguka nyumba ili maji yasikae penye msingi. Kazi hii haitaki fedha, yataka jembe na asubuhi moja.

Pili, ufa mdogo wa plasta. Upanueni kidogo kwa patasi, ondoeni vumbi, lowesheni kwa maji, kisha jazeni kwa sehemu moja ya simiti na sehemu nne za mchanga safi. Changanyeni kidogo kidogo, kile mtakachokimaliza katika saa moja. Simiti iliyoanza kushika msiiongeze maji ili kuifufua; haifufuki. Halafu ilowesheni kwa siku saba. Wengi wetu twasahau hili la kulowesha, tukafikiri kwamba simiti hukauka kama nguo. Simiti yataka maji ili iwe ngumu.

Lakini kabla ya kuziba ufa wa ukuta, upimeni. Pigeni alama ya penseli penye ncha zake mbili na kuandika tarehe. Baada ya miezi miwili tazameni. Kama ufa umepita alama, au unapenya mpaka upande wa pili wa ukuta, huo si ufa wa plasta. Msingi unasogea. Hapo acheni mwiko, mwiteni mtu anayejua.

Tatu, rangi na chokaa. Kazi ya rangi ni kukwangua na kusafisha zaidi kuliko kupaka. Mtu anayepaka juu ya vumbi na ukungu anapoteza mkebe wake. Ukuta uliopigwa plasta mpya uacheni ukauke kwa majuma kadhaa kabla ya kupaka. Na katika nyumba za zamani, rangi ya kale yaweza kuwa na risasi ndani yake; msiikwangue ikiwa kavu watoto wakiwa karibu, ilowesheni kwanza.

Nne, vitu vidogo: mpira wa koki inayovuja, bawaba ya mlango, kitasa, kioo cha dirisha. Mtu akijifunza haya mara moja amejifunza kwa maisha.

KAZI ZISIZO ZETU

Ya kwanza ni umeme. Umeme wa nyumbani ni volti 240, nao haumwulizi mtu ana miaka mingapi ya kazi. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka kazi ya kutia nyaya za umeme ifanywe na mtu mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EPRA. Mwambieni awaonyeshe karatasi. Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa karatasi.

Ya pili ni kuondoa ukuta au kuongeza ghorofa. Hamtasahau Huruma, si Huruma yetu ya hapa, bali ile ya Nairobi, ambako jengo la ghorofa sita lilianguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 wakati wa mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Ukuta unaobeba paa haujulikani kwa kuugonga kwa ngumi. Ulizeni kwanza, na mpate kibali cha serikali ya kaunti.

Ya tatu ni mapaa ya asbesto, yale mazito ya kijivu yaliyowekwa katika nyumba nyingi za zamani. Kenya imekwisha kuyakataza tangu mwaka 2006. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Msiyakate, msiyatoboe, msiyavunje kwa nyundo, wala msiyatumie kufunika banda la kuku. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye ruhusa ya NEMA.

Ya nne ni kazi yoyote ya juu ya paa au ndani ya shimo refu. Mmekwisha kusikia habari ya ule mkono.

NAMNA YA KUMWITA FUNDI

Basi tukisema kumwita fundi, twamwitaje? Wako wanachama waliotoa fedha zote mbele, na fundi akaenda "kununua msumari" mpaka leo hajarudi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na fundi akilipwa yote kabla ya kazi huona usingizi.

Nendeni kwanza mkaone kazi aliyoifanya kwa mtu mwingine, tena kazi iliyopigwa na mvua mwaka mzima, si ile ya jana. Muulizeni kama amefanya mtihani wa kazi wa serikali. Siku hizi unasimamiwa na NITA, na una daraja la tatu, la pili na la kwanza. Lakini msimdharau asiye na karatasi. Mafundi wengi wa juakali walifundishwa na baba zao, na twajua wenye karatasi ambao ukuta wao hauijui timazi.

Andikeni mapatano. Karatasi moja ya daftari yatosha: kazi ni nini, itakwisha lini, nani anunue vifaa, malipo ni kiasi gani na yatolewe mara ngapi, na shahidi mmoja atie sahihi. Vifaa nunueni wenyewe, mkienda dukani pamoja na fundi. Hesabuni mifuko ya simiti, nayo ni ya kilo 50, na muiweke juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mabati yaulizeni geji yake. Namba 28 ni nene kuliko namba 30, ingawa namba ni ndogo. Gaweni malipo kwa hatua za kazi, na sehemu ndogo ya mwisho ibaki mpaka kazi imekaguliwa. Lakini ikikaguliwa ikawa njema, toeni fedha siku hiyo hiyo. Mkono mtupu haulambwi.

LA PILI: KIJANA WA MUNYAKA

Sasa twafika mahali ambapo hatukupenda kufika. Hata hivyo Halmashauri ilituambia tuseme kweli.

Baada ya mambo ya Langas tulikuwa tumeerevuka. Ndugu mwingine alipojenga jiko Munyaka tulimsaidia kumtafuta fundi mzuri, mapatano yakaandikwa, kila kitu sawa. Fundi akaja na mtu wake wa mkono, kijana wa miaka kama ishirini, wa kuchanganya simiti na kubeba mawe. Katika mapatano yetu jina la kijana halikuwamo. Hatukumfikiri.

Siku ya tatu jiwe la kona lilimwangukia mguuni. Hakuwa na viatu vya kazi, alivaa ndala. Fundi akasema: "Mimi namlipa kwa siku, leo hakumaliza siku." Mwenye nyumba akasema: "Mimi nilimwandika fundi, sikumwandika yeye." Nasi tulikuwa pale, tumeshika vikombe vya chai, watu wa chama, na mmoja wetu akasema: "Lakini si ni kibarua tu?"

Palikuwa na mzee mstaafu wa reli, jirani, amekaa juu ya rundo la mawe. Akasema polepole: "Maneno hayo nimeyasikia mahali." Hakusema zaidi. Haikuwa lazima. Sisi sote tumekwisha kuyasikia. Ndiyo maneno tuliyoambiwa tulipokuwa vibarua, kabla ya kuandikwa kazi. Kwa ajili ya maneno hayo tuliingia katika chama. Na siku ya kwanza tulipokuwa waajiri, hata kwa jiko la futi kumi, ndiyo yaliyotoka midomoni mwetu.

Tulichanga siku hiyo. Tulimpeleka hospitali, tukalipa shilingi 3,200, na tukamlipa siku zake mpaka alipoweza kuvaa kiatu. Kijana hakutushukuru sana, wala hakuwa na sababu ya kutushukuru. Tulimpa kilicho chake baada ya kujaribu kumnyima.

Ndugu, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua ni mtu ambaye hulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hakuandikwa kwa muda unaozidi saa 24 kwa mara moja. Haisemi kwamba kibarua ni mtu wa kusahauliwa. Mkimwandika fundi, ulizeni nani anakuja naye, na atalipwa kiasi gani, na lini. Jina lake liandikwe katika karatasi. Jueni nani atagharimia dawa akiumia. Na msitafute fundi wa bei ya chini kabisa mkidhani mmeshinda, maana ile bei ya chini hutolewa katika chakula cha yule kijana.

TUNAYOPENDEKEZA

Bwana Mwenyekiti, hatutaki kusema tu na kwenda nyumbani. Twaleta mambo matatu mbele ya tawi.

Moja: tawi liwe na sanduku la vyombo. Ngazi moja ndefu iliyo imara, pima maji, timazi, msumeno, mwiko, karai na beleshi. Kila mmoja wetu hununua nyundo mbaya. Tukichanga tutakuwa na vyombo vizuri vya kuazimana, na daftari la kuandika nani amechukua na siku gani amerudisha.

Mbili: tawi liwe na orodha ya mafundi. Mwanachama akifanyiwa kazi njema, aandike jina la fundi huyo. Na fundi huyo awe mtu anayelipa watu wake vizuri. Tuwaulize watu wake wa mkono wenyewe, nao watatuambia kweli.

Tatu: vijana wetu. Wengi wetu twawasomesha watoto ili wasishike mwiko. Lakini Eldoret National Polytechnic iko hapa hapa mjini, na kazi ya fundi bomba au fundi wa umeme mwenye leseni haikosi mwenye kuihitaji. Tusimfundishe mtoto kudharau kazi ambayo tunaitafuta kwa tochi wakati wa mvua.

Basi, tukiulizwa, mikono yetu au fundi? Jibu letu ni hili. Ufa mdogo, mtaro, rangi na koki, ni mikono yetu. Paa, nyaya, msingi na ukuta unaobeba, ni fundi. Na fundi akija, yeye na aliye nyuma yake akibeba karai, waingie langoni petu kama wafanyi kazi wenzetu.

Paa la Langas halivuji sasa. Mkono wa ndugu yetu umepona, ingawa asubuhi za baridi humsumbua, naye ndiye aliyetuomba tusimtaje jina. Kijana wa Munyaka tulimwona mwezi uliopita katika mjengo mwingine karibu na mto Sosiani. Alikuwa na viatu vya kazi. Tulimsalimu, akatujibu.

Sasa ni zamu yenu ya kuuliza maswali, na mwenye ngazi nzuri nyumbani asiondoke kabla ya kuonana na Katibu.